Maji ya kisima yananuka yai viza, au meusi, au yanaacha kutu: tuanzie wapi?

Simu hizi huja kwa mafungu. Masika yakimalizika, wenye nyumba za wageni wanafungua milango na wa kwanza kupiga husema maji yananuka. Yananuka vipi? Yai viza. Wa pili anasema yake hayanuki kabisa, ila yanatoka na vijiunga vyeusi. Wa tatu hana habari ya harufu wala weusi. Kanzu yake ya Ijumaa imetoka kwenye beseni na madoa ya manjano. Na wote watatu, kabla hawajanipigia, wameshaambiwa na mtu wakanunue chujio.

Subiri kwanza na chujio. Mara nyingi hao watatu wana ugonjwa mmoja uliojitokeza kwa sura tatu. Mahali palipokosa hewa, bakteria fulani hupumulia salfeti (chumvi ya salfa) iliyomo ndani ya maji badala ya oksijeni, na wanachotoa ni haidrojeni salfaidi, yaani ile gesi ya yai viza. Gesi hiyo ikikutana na kutu, ugomvi wao ni wa elektroni. Chuma kilichomo kwenye kutu kinanyang'anya elektroni kutoka kwa salfaidi. Kutu inashuka kutoka chuma(III) kuwa chuma(II), namba hiyo ikiwa ni elektroni ambazo chuma kimezipoteza, salfaidi iliyonyang'anywa inabaki salfa tupu, na salfaidi nyingine inashikana na chuma kilichoshuka kuwa unga mweusi tii. Wanaopenda kuandika huandika hivi:

2FeOOH + 3H2S → 2FeS + S + 4H2O

Ukiurudisha ule weusi kwenye hewa, safari inageuka: oksijeni inachukua elektroni zake na weusi unarudi kuwa kutu nyekundu.

Aliyewahi kuwatazama kina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja wakifukua makumbi ya nazi waliyoyafukia mchangani yalainike ameshaliona hili bila ya maabara. Mchanga wa juu ni mweupe. Ukichimba kidogo unakuwa wa kijivu, halafu mweusi, na harufu inapanda mpaka macho yanafinywa. Kumbi linatoka jeusi kama limepakwa masizi. Liache juani lisipigwe, na baada ya muda ule mchanga ulioganda juu yake unapoteza weusi. Kisima chako ni shimo hilo hilo, ila lina pampu. Kwa hiyo swali la kujiuliza kila mara ni hili: hewa imeishia wapi?

Vipimo vitatu vya jikoni

Vifanye kabla ya kumwita mtu, kwani vitakupunguzia gharama.

Kisahani. Kusanya ule weusi kutoka kwenye kifuniko cha tangi au chujio la mfereji, uweke kwenye kisahani cheupe na maji kidogo, uache wazi mpaka asubuhi. Ukigeuka rangi ya kutu, ni salfaidi ya chuma. Ukibaki mweusi, huenda ni madini ya manganizi, au mpira wa washa ya mfereji unaooza. Mpira utaujua kwa kidole: unapaka kama wino na haupukutiki.

Ndimu. Chukua weusi kiasi cha ncha ya kijiko, toka nje, kamulia matone mawili. Harufu ya yai viza ikipanda pale pale, umepata jibu: asidi imeivunja salfaidi ya chuma na kuitoa gesi. Kiasi cha ncha ya kijiko, narudia, na nje. Mtu anayemimina asidi ya kusafishia choo kwenye paipu au tangi lililojaa weusi huo anafanya kipimo hiki hiki kwa kilo nzima, ndani ya chumba. Usifanye.

Chai. Pika chai kavu nzito, mimina kiasi kwenye gilasi mbili, moja ongeza maji ya chupa na nyingine maji ya kisima. Ya kisima ikigeuka zambarau nyeusi kama wino, maji yana chuma. Majani ya chai yana tanini, na tanini na chuma ndio wino wa zamani.

Harufu ipo kwenye maji ya moto tu

Hili ndilo jepesi kuliko yote. Fungua maji ya baridi kwenye mfereji huo huo. Yakiwa safi, kisima hakina kosa. Tatizo ni hita. Ndani ya hita nyingi mna fimbo ya magnesiamu iliyowekwa iliwe yenyewe badala ya tangi. Katika kuliwa huko inatoa elektroni, na bakteria wa salfeti wanazifaidi, hasa hita ikiwa imewekwa kwenye moto mdogo au imekaa wiki kadhaa bila kutumika.

Pandisha joto mpaka nyuzi 70 kwa saa kadhaa, kisha toa maji yote ya moto kupitia kila mfereji. Waambie watu wa nyumbani kwanza, maana maji ya nyuzi 70 yanababua ngozi mara moja. Na hakikisha valvu ya kuachia shinikizo inafanya kazi. Ikiwa haipo au imeziba, usipandishe joto hata kidogo. Harufu ikirudi baada ya wiki chache, fundi aibadilishe fimbo, aweke ya alumini iliyochanganywa na zinki. Wapo wanaoing'oa fimbo na kuziba tundu. Harufu inakwisha kweli, na tangi linaanza kuliwa badala yake. Kazi ya fimbo ni ya fundi, na umeme uzimwe kwenye swichi kuu.

Harufu ipo kwenye maji yote

Kwanza, usiiamini pua yako. Anayeishi na harufu hii anaizoea. Mwite jirani au mtoto aliyetoka skuli sasa hivi, umnusishe maji ya mwanzo asubuhi, halafu maji baada ya kufungua dakika kumi.

*Ya mwanzo yananuka, baadaye yanatakata.* Sababu ya kawaida ni maji yaliyolala. Nyumba ilifungwa Aprili na Mei, maji yakabaki kwenye paipu na tangi, oksijeni ikaliwa yote, bakteria wakachukua nyumba. Fungua mifereji yote mpaka harufu iishe. Kisha panda ukatazame tangi: chini mara nyingi pana tope laini jeusi, unene wa kidole. Litoe, sugua, suuza. Tangi kubwa la kuingiwa na mtu lisafishwe likiwa wazi juu na mtu wa pili akiwa nje, akiona na kusikia. Watu wengi wanamaliza shida yao hapa, na mimi silipwi kitu.

*Yananuka mwanzo mpaka mwisho.* Sasa ni kisima. Sababu kwa mpangilio wa ninavyozikuta:

Takataka zilizooza ndani. Majani ya mwembe, panya, kamba ya zamani iliyodondoka. Kisima kisicho na mfuniko hujilisha chenyewe, na kila kinachooza kinamaliza oksijeni. Chungulia kwa kioo: simama kando, elekeza mwanga wa jua ndani, utaona mpaka chini.

Maji ya chumvi. Karibu na pwani maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba. Ukivuta kwa pupa, ya chini yanapanda. Maji ya bahari yana salfeti karibu miligramu 2,700 kwa lita, nayo ni karamu kwa bakteria hawa. Dalili yake: harufu na chumvi vinaongezeka pamoja kadiri pampu inavyokaa imewashwa. Dawa ni kupunguza, si kuongeza. Vuta kidogo kidogo mara nyingi, pandisha pampu juu, usichimbe zaidi. Najua ni vigumu kumwambia mtu aliyelipia mita thelathini kwamba kumi na mbili zingemtosha.

Karo, yaani shimo la maji machafu ya choo. Mwamba wa matumbawe una mapengo, na maji machafu hayachujwi humo kama yanavyochujwa kwenye udongo mzito, yanapita tu. Harufu iliyoanza ghafla baada ya mvua kubwa, au iliyokuja na povu au rangi ya kijivu, ichukulie ni karo mpaka vipimo viseme vingine. Hapa unasimama. Acha kuyanywa na kupigia mswaki. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi uchafu mwingine wa karo, kwa hiyo tafuta maji mengine na upeleke sampuli maabara.

Mwamba wenyewe, yaani tope la zamani la mikoko lililofukiwa chini ya ardhi. Hii ni nadra kuliko watu wanavyodhani, na haitibiki kwa kusafisha. Unaishi nayo kwa kuyapa maji hewa kila siku.

Kisima kikiwa na uchafu tu, baada ya kutoa takataka unakitia klorini. Hesabu yake ni hii. Kisima cha duara chenye upana wa mita 1.2 na maji ya kina cha mita 3 kina karibu lita 3,400. Ukitaka miligramu 50 kwa lita, unahitaji gramu 170 za klorini. Dawa ya klorini ya kufulia ya asilimia 3.5, isiyo na manukato, ina gramu 35 katika lita, kwa hiyo ni lita 5 hivi. Mimina, zungusha maji kwa mpira kutoka mferejini kurudi kisimani mpaka yanuke klorini, fungua kila mfereji mpaka harufu hiyo ifike, ziba, acha usiku kucha. Kesho vuta utupe mpaka klorini iishe. Usiyapeleke kwenye karo wala kwenye migomba. Na katika siku hiyo asidi, siki na ndimu visikaribie kabisa: klorini na asidi hutoa gesi ya sumu.

Usishuke kisimani

Naliweka hapa kwa sababu ni hapa ndipo watu wanaposhuka: wameona takataka, wana kamba, wana kijana mwenye nguvu.

Haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, inakaa chini. Kiasi kidogo sana pua inakinasa. Ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni pua inakufa ganzi, na mtu anasema "imeisha sasa" akiwa ndani yake. Kwenye 500 na kuendelea mtu anaanguka kwa dakika. Karibu na 1,000 ni pumzi moja au mbili. Ukilikoroga tope la chini, kilichokuwa kimefungwa humo kinatoka kwa mara moja, kwa hivyo kisima kilichokuwa salama saa mbili asubuhi si lazima kiwe salama saa mbili na robo.

Wazee hushusha taa ya mafuta, ikizimika hawashuki. Kuzimika kwa taa kunaonesha oksijeni imepungua, na hilo lina faida yake. Lakini gesi hii inaua kwa kiasi ambacho taa haikijali, itawaka vizuri tu. Jogoo aliyeshushwa ndani ya kikapu akapandishwa mzima naye hajathibitisha kitu, maana hakukoroga tope.

Takataka zitolewe kwa ndoana na ndoo kutoka juu. Ikibidi mtu ashuke, ni kazi ya wenye kipima gesi, feni ya kupuliza hewa, mkanda wa mwili mzima na watu wa kumvuta. Aliyeanguka chini asifuatwe. Wa pili huwa anamfuata ndugu yake, na wa tatu anawafuata wote wawili. Piga kelele, ita Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, puliza hewa ndani ikiwezekana, ubaki juu.

Maji meusi au chembe nyeusi

Vipimo vya kisahani na ndimu vikisema salfaidi ya chuma, uliza chuma kinatoka wapi. Kwenye visima vya pwani jibu la mara nyingi ni paipu yenyewe: bomba la chuma lililopakwa zinki lililoning'inizwa kisimani miaka kumi. Zinki imeshakwisha, ndani pana kutu, na salfaidi inaigeuza kutu kuwa weusi kutwa kucha. Niliwahi kupandisha moja kule Makunduchi. Kwa nje lilionekana zima, lakini nilipolikamata kwa koleo likavunjika kama muwa mkavu, na ndani tundu la kupitisha kidole gumba lilikuwa limebaki la kupitisha penseli. Mwenye nyumba alikuwa ameshabadilisha pampu mara mbili akidhani ndiyo mbovu. Tukaweka paipu ya plastiki. Weusi ukaisha baada ya siku nne.

Sababu ya pili ni chujio lililosahauliwa, lililoziba hata ndani yake hewa ikaisha. Chujio la namna hiyo linatengeneza salfaidi badala ya kuizuia. Ya tatu ni chuma cha asili kwenye maji, nacho hakiondoki kwa kubadilisha paipu.

Bangili za fedha zinazokuwa nyeusi, na vyombo vya shaba vinavyofifia, ni mashahidi wa gesi, si wa chuma. Bibi mmoja alinionesha kikuku chake akiamini amerogwa. Nikamwomba akivue, akiweke chumbani mbali na bafu kwa mwezi kikiwa kimeng'arishwa. Kikabaki kinang'ara. Alicheka sana, ila nadhani hakuacha kumshuku jirani.

Kutu, madoa, na ile kanzu

Maji yanatoka meupe kama machozi, yakikaa kwenye ndoo saa moja yanakuwa na rangi ya chai ya maziwa, kesho chini pana ukoko mwekundu. Hicho ni chuma(II) kilichokuwa kimeyeyuka bila kuonekana, kimekutana na hewa kikawa kutu. Kuanzia takriban miligramu 0.3 kwa lita kinaanza kutia nguo madoa.

Kosa la nyumbani liko hapa. Kanzu imetoka na manjano kidogo, mtu anaongeza dawa ya klorini ili iwe nyeupe. Klorini inamaliza kazi ambayo hewa ilikuwa inaifanya polepole: inakioksidisha chuma chote kwa mara moja ndani ya uzi wa nguo. Kanzu inatoka na rangi ya karafuu zilizoanikwa siku moja. Isuuze kwa maji mengi mpaka harufu ya klorini iondoke kabisa, kisha paka ndimu na chumvi, ianike juani ikiwa mbichi, isuuze tena. Mara mbili tatu hutosha, kama doa si la mwaka juzi.

Tiba ya maji yenyewe ni hewa, kisha mchanga. Mwisho wa paipu inayoingiza maji kwenye tangi la juu, toboa matundu madogo ili maji yanyeshe kama mvua juu ya sinia la kokoto, yakae saa kadhaa, halafu yapite kwenye chujio la mchanga. Maji yetu ya mwamba wa chokaa kwa kawaida si ya asidi, kwa hiyo chuma kinaganda haraka. Kinyume chake, kadiri maji yanavyokuwa mbali na asidi ndivyo salfaidi inavyokataa kuruka na hewa, kwa kuwa sehemu kubwa si gesi tena. Ndiyo maana mwenye tatizo la vyote viwili huona kutu imeondoka na harufu imebaki. Huyo anahitaji kipimo na dozi ndogo ya klorini ya kudumu, na dozi hiyo ipangwe na mtu wa maji.

Ukipeleka sampuli kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, jaza chupa mpaka mdomoni, pasibaki hewa, na uulize kabla kama watakupa dawa ya kuishika salfaidi. Chupa iliyozunguka ndani ya daladala tangu Nungwi itafika bila ya harufu, na karatasi itaandikwa kwamba huna shida.

Maji yamekuwa kama maziwa baada ya klorini

Jaza gilasi. Weupe ukipanda juu na kuisha ndani ya dakika mbili, ni vipovu vya hewa. Usipoondoka, ni salfa laini: klorini ilitosha kuinyang'anya salfaidi elektroni mbili, haikutosha kuifikisha kwenye salfeti. Acha itulie, ichuje.

Jiko la biogesi linanuka, au chujio lake linapata moto

Chujio la biogesi ni kemia hii hii iliyofanywa makusudi. Kopo lenye nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, zilizoachwa zipate kutu kwanza, linanasa salfaidi kabla haijafika jikoni. Harufu ikianza kupita, chungulia: nyuzi zimekuwa nyeusi, kutu imekwisha kazi. Kama zingali na wekundu, tafuta mpira uliopasuka au kiungo kilicholegea kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Nyuzi hizo nyeusi zinaweza kufufuliwa kwa hewa, zikarudi nyekundu na kufanya kazi tena. Lakini kurudi kwake kunatoa joto, na zikiwa kavu zinaweza kushika moto zenyewe. Mwanzoni nilizimwaga kwenye rundo la makuti nyuma ya banda la ng'ombe, nikaenda kunywa maji. Niliporudi makuti yalikuwa yanatoa moshi, na mwenye banda ameshika ndoo ananitazama bila kusema neno. Tangu hapo nafunga valvu ya gesi, nazimwagia maji humo humo ndani ya kopo, nazitandaza juu ya saruji tupu zikiwa zinatiririka, na siondoki mpaka zipoe.